Baiskeli barabarani Uingereza: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake kisheria

Haya ni maswali ambayo ndugu zetu waliotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Congo na Burundi wanauliza sana wakishafika Uingereza na kununua baiskeli. Wengi ni watu wa kutunza wazee, watu wa maghala, wauguzi, wanafunzi, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na basi la kwanza bado halijapita, kwahiyo baiskeli ndo mkombozi. Shida ni kwamba hakuna mtu anayekukalisha chini akakuelezea sheria, unajifunza kwa kupigiwa honi na kutukanwa, na mwisho unaishia kuogopa barabara ambayo ni haki yako. Majibu ni ya England na Wales hasa, Scotland na Northern Ireland wana vifungu vyao kwenye baadhi ya mambo.

Hivi baiskeli kisheria ni gari au ni kama mtu anatembea tu?

Ni chombo cha usafiri kamili. Mahakama ilishasema hivyo mwaka 1879 na Bunge likaandika kwenye sheria ya 1888 kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani kama vingine, kwahiyo hii sio hisani unayofanyiwa na wenye magari. Una haki ya kutumia barabara karibu zote isipokuwa motorway (zile barabara kuu za magari ya kasi), na zile zenye kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu na picha ya baiskeli ndani, hicho maana yake baiskeli marufuku. Watu wengi wanakisoma kinyume, wanaona picha ya baiskeli wanadhani wamekaribishwa. Kibao cha kukukaribisha ni cha bluu.

Sheria kubwa ya sasa ni Road Traffic Act ya 1988. Kifungu cha 28 ni kuendesha baiskeli kwa hatari, faini mpaka pauni 2,500. Cha 29 ni kuendesha bila uangalifu au bila kujali wengine, mpaka pauni 1,000. Cha 30 ni ulevi. Halafu kuna Highway Code, kitabu cha serikali cha kanuni za barabarani, unakisoma bure gov.uk. Humo ndani ukikuta sentensi ina MUST kwa herufi kubwa jua nyuma yake kuna sheria, ukivunja ni kosa. Ukikuta SHOULD ni maelekezo, kuyakiuka peke yake sio kosa lakini mahakamani yanaweza kutumika kama ushahidi dhidi yako au dhidi ya aliyekugonga. Hii tofauti ishike vizuri maana ndo inaamua mambo mengi huko chini.

Natakiwa kuwa na leseni, bima, namba ya usajili? Na hii "road tax" wanayonipigia kelele?

Hapana kwa vyote, kama ni baiskeli ya kawaida ya kukanyaga. Kuhusu kodi, dereva akikupigia kelele kwamba hulipi kodi ya barabara usijisikie mnyonge hata kidogo, kodi ya namna hiyo iliyotengwa kwa ajili ya barabara ilifutwa 1937. Wanacholipa wao ni kodi ya gari, na matengenezo ya barabara yanatoka kwenye mfuko wa kodi za wote ikiwemo yako inayokatwa kwenye mshahara.

Bima sio lazima ila mimi nakushauri uwe nayo. Ukimgonga mtu ukamvunja mkono anaweza kukudai fidia wewe binafsi na hela ni ndefu. Uanachama wa vyama vya baiskeli kama Cycling UK au British Cycling una vifurushi vyenye bima ya kumlipa mtu uliyemuumiza, na pengine bima ya nyumba unayoilipia tayari inalifunika hilo, kaisome.

Nimetoka Burundi, kule tunapita kulia. Kuna ujanja wa kuzoea?

Watu wa Tanzania, Kenya na Uganda hawana tabu hapa maana kushoto ndo nyumbani. Wa Congo, Burundi na Rwanda ndo wanatakiwa kuwa makini kwelikweli, na hatari kubwa sio barabarani katikati ya magari, pale unafuata wenzako tu. Hatari ni asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, unatoka getini usingizi haujaisha, mwili unakupeleka kulia wenyewe. Na kwenye kipilefti, huku unazunguka kufuata mshale wa saa na unawapisha wanaotokea kulia kwako. Kama unaogopa kipilefti kikubwa Highway Code inakuruhusu ubaki njia ya kushoto mpaka utokee hata kama unaenda kulia, ila uangalie sana magari yanayokukatiza yanapotoka, au ushuke tu usukume pembeni, hakuna aibu.

Nikae wapi barabarani? Nikijibana pembeni si ndo salama?

Hili ndo swali ninalotaka watu walielewe kuliko yote, maana karibu kila mtu anayetoka nyumbani anafanya kosa hili hili, kujibana kwenye mfereji. Kule tumezoea daladala na malori yanakufukuza mpaka kwenye vumbi, unajua kabisa nafasi yako ni pembeni ya lami. Huku ukijibana kwenye ukingo dereva anaona kuna upenyo, anapita bila kuhama njia, kioo chake kinakupitia sentimita chache kwenye kiwiko, na wewe huna pa kukimbilia, kushoto ni jiwe la ukingo na mbele kuna mfuniko wa chuma wa maji machafu ambao ukilowa mvua unateleza.

Tarehe 29 Januari 2022 Highway Code ilibadilishwa na mabadiliko yale yanatuhusu moja kwa moja. Kwenye barabara tulivu, kwenye foleni inayotambaa, na unapokaribia njia panda au sehemu barabara inapobana, unaelekezwa ukae katikati ya njia yako. Ndio, katikati. Kwenye barabara yenye magari ya kasi unasogea kushoto ila uache angalau nusu mita kutoka kwenye ukingo. Ukipita pembeni ya magari yaliyopaki acha mita moja au upana wa mlango. Na dereva anayekuovateki anatakiwa akuachie angalau mita 1.5 kwa mwendo wa mpaka maili 30 kwa saa, akiwa na kasi zaidi aongeze nafasi. Hizi zote ni za SHOULD, kwahiyo dereva hapigwi faini kwa rula tu, lakini akikupitia karibu mpaka ukayumba polisi wanaweza kumshtaki kwa kuendesha bila uangalifu na hicho kipimo kinakuwa sehemu ya ushahidi.

Mkiwa wawili mnaruhusiwa kwenda sambamba, sio kosa. Nyuma kukiwa na msururu wa magari yanataka kupita na ni salama kupisheni, ni ustaarabu tu.

Kuna gari lilinipita halafu papo hapo likakata kushoto mbele yangu, nani mwenye kosa?

Kwa Highway Code ya sasa dereva anayekata kona hatakiwi kumkatiza mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja, iwe yuko kwenye njia ya baiskeli au kwenye lami ya kawaida. Anatakiwa asubiri upite. Imeandikwa wazi na inaitwa rule H3.

Lakini haki yako haikusaidii chini ya tairi la lori. Mataani ukikuta lori refu limesimama na kuna upenyo mzuri kushoto kwake, usiingie, hata kama umechelewa kazini. Dereva kule juu pembeni ya kushoto kuna eneo haoni kabisa, na lori likikata kushoto mkia unakusukumia kwenye vyuma vya pembeni. Kaa nyuma yake, au uwe mbele kabisa ambapo anakuona uso.

Na milango ya magari yaliyopaki. Kufungua mlango ukamuumiza au kumhatarisha mtu ni kosa, faini mpaka pauni 1,000, na madereva wanaelekezwa kufungua kwa mkono wa mbali ili mwili ugeuke waangalie nyuma. Wengi hawafanyi hivyo, kwahiyo ile mita moja niliyosema hapo juu usiipunguze.

Naweza kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu kama barabara inatisha?

Hapana, kisheria ni kosa, na sheria yenyewe ni ya zamani, Highways Act ya 1835 kifungu cha 72. Mara nyingi ni faini ya papo kwa papo ya pauni 50, ukipelekwa mahakamani inaweza kufika pauni 500.

Ila kuna jambo wengi hawalijui. Mwaka 1999 faini hii ilipoanza, waziri wa wakati ule Paul Boateng alitoa maelekezo kwamba haikulengwa kwa watu wanaopanda pale kwa kuogopa magari na wanaojali wenye miguu, polisi watumie busara hasa kwa watoto. Serikali ikayarudia tena 2014. Kwahiyo askari ana hiyari, sio kwamba una ruhusa. Ukiwa pale na askari akakuona unakwenda taratibu kama mtu anatembea, unampisha bibi mwenye kigari, ni tofauti na yule anayekata katikati ya watu kwa kasi na begi la chakula mgongoni.

Angalia pia mitaa ya katikati ya mji iliyofungwa magari. Tangu sheria ya 2014 halmashauri zinaweza kupiga marufuku baiskeli pale kwa amri yao maalum na faini yake inafika pauni 100, na baadhi ya miji wana walinzi wa kukodi wanaozunguka kuandika. Soma vibao ukiingia. Na kama umeshuka unasukuma baiskeli kwa mguu unahesabika kama mwenda kwa miguu, kwahiyo ukiwa na wasiwasi shuka tu.

Kinyume chake kuna njia za pamoja, kibao cha bluu chenye picha ya baiskeli na watu, hizo ni halali kupanda. Zile za kijijini za farasi pia baiskeli zinaruhusiwa tangu 1968 kwa sharti la kuwapisha farasi na watembeao. Na kibao kinachosema waendesha baiskeli washuke, chenyewe ni ushauri sio amri.

Mataa yakiwa mekundu na hakuna gari wala mtu, nasimama?

Unasimama. Faini pauni 50, mahakamani mpaka 1,000. Najua saa kumi na moja alfajiri hakuna kiumbe njia panda, na bado unasimama. Lile boksi lililochorwa mbele ya magari lenye alama ya baiskeli ni lako, magari yanatakiwa kuishia mstari wa kwanza, wewe unaingia ndani ya boksi lakini mstari wa pili hauvuki.

Kwenye zebra ukimkuta mtu ameshakanyaga unampisha, ni lazima. Wewe mwenyewe ukitaka kuvuka kwenye zebra unashuka unasukuma. Vivuko vyenye alama ya mtu na baiskeli pamoja ndo unavuka umepanda. Na tangu 2022 ukikata kona kuingia barabara nyingine unatakiwa kumpisha mtu anayesubiri kuvuka barabara hiyo unayoingia, hii inakuhusu wewe wa baiskeli sawasawa na mwenye gari. Tunapenda sana kudai haki kwa magari, wenye miguu nao wanadai kwetu.

Taa ni lazima? Mbona naona wengi hawana?

Ni lazima kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, reflekta nyekundu nyuma, na kama baiskeli imetengenezwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1985 basi pedali ziwe na reflekta za njano, mbele na nyuma ya kila pedali. Hizi za pedali watu wanaziondoa au zinavunjika wanasahau, na ukigongwa usiku wakili wa upande wa pili anaweza kuzichomoa kama hoja. Taa za kuwakawaka zinaruhusiwa tangu 2005.

Sasa kwa mtu wa kwetu jambo linalomkamata ni majira. Nyumbani jua linazama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hapa mwezi wa kumi na mbili London jua linazama kabla ya saa kumi jioni na linachomoza kama saa mbili asubuhi. Mtu amenunua baiskeli mwezi wa sita kuna mwanga mpaka saa nne usiku, taa hazikumpitia akilini, ghafla mwezi wa kumi na moja anaenda kazini giza na kurudi giza. Nunua taa kabla ya mwezi wa kumi, za kuchaji kwa waya wa simu ni bei nafuu, na weka akiba ndogo kwenye begi maana baridi inamaliza betri haraka. Ukizimikiwa njiani shuka usukume, anayesukuma pembeni hadaiwi taa.

Breki, kengele, helmeti?

Breki mbili zinazofanya kazi, ya mbele na ya nyuma, kila moja ijitegemee. Zile baiskeli zisizo na friwili, ambazo pedali zinazunguka muda wote tairi likizunguka, lazima ziwe na breki ya mbele. Hili sio dogo: mwaka 2016 kijana mmoja London aliyekuwa na baiskeli ya namna hiyo bila breki ya mbele aligongana na mama aliyekuwa anavuka barabara na yule mama akafariki. Mwaka 2017 mahakama haikumkuta na hatia ya kuua bila kukusudia ila ilimkuta na hatia chini ya sheria ya 1861, akafungwa miezi 18.

Kengele baiskeli mpya inauzwa nayo kwa sheria, baada ya hapo sio kosa kutokuwa nayo, ila iache. Helmeti sio lazima kisheria, Highway Code inashauri tu. Jua kwamba ukigongwa bila helmeti na ukaumia kichwa upande wa pili wanaweza kujaribu kupunguza fidia yako, kwenye kesi ya 2009 jaji alikubali kwamba kimsingi inawezekana, ila wao ndo wanatakiwa kuthibitisha kwamba helmeti ingekusaidia. Mimi nasema vaa.

Naweza kumpakia mwenzangu kwenye keria kama nyumbani?

Hapana. Nyumbani bodaboda yenyewe ilianza na baiskeli, watu walikuwa wanapakiwa kwenye keria kule Busia kuvushwa mpaka, kwahiyo mtu haoni ubaya kumsogeza rafiki mpaka stesheni. Huku kifungu cha 24 cha ile Road Traffic Act kinasema baiskeli ni ya mtu mmoja isipokuwa imetengenezwa au imebadilishwa kubeba zaidi, na makosa ni ya wote wawili, aliyeendesha na aliyepakiwa. Mtoto kwenye kiti chake maalum ni sawa. Kushikilia lori likuvute mlimani pia ni kosa. Mzigo hakuna kilo zilizotajwa, ila usibebe kitu kinachokuyumbisha, na mfuko wa mchele wa kilo 20 unaoning'inia kwenye usukani unakuyumbisha.

Bia mbili halafu narudi na baiskeli, kuna shida?

Kosa ni kuwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo, faini mpaka pauni 1,000. Hakuna kipimo cha pumzi kama cha madereva na askari hawezi kukulazimisha upulize, anaangalia unavyoyumba, unavyoongea, unavyonuka. Pointi haziingii kwenye leseni ya gari, lakini mahakama ina mamlaka ya jumla ya kukufungia kuendesha gari kwa kosa lolote. Kwa kazi za kutunza wazee ambapo unatakiwa kuendesha gari nyumba kwa nyumba hilo sio jambo la kuchezea.

Simu mkononi ile sheria ya pauni 200 na pointi 6 ni ya magari, ila ukiyumba unasoma meseji unaingia kifungu cha 29. Spika za masikioni sio kosa kwa zenyewe, ila hausikii gari linalokuja nyuma.

Baiskeli ya umeme je? Niliyonunua inakwenda maili 30 bila kukanyaga

Hapa soma taratibu maana ndo vijana wetu wanaumia zaidi. Baiskeli ya umeme inahesabika kama baiskeli ya kawaida pale tu ina pedali zinazofanya kazi, mota haizidi wati 250, na mota inaacha kusaidia ikifika maili 15.5 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 25. Anayeendesha awe na miaka 14 au zaidi. Ikitimiza hayo hauhitaji leseni wala bima.

Ikizidi hapo, au inakwenda yenyewe kwa kukunja hendeli kama pikipiki bila idhini maalum, kisheria ni pikipiki. Inataka usajili, namba, leseni, bima na helmeti ya pikipiki. Bila hivyo unashtakiwa kama mtu aliyeendesha pikipiki bila bima: polisi wanaichukua palepale, faini pauni 300 na pointi 6. Kama leseni yako ya Uingereza haijatimiza miaka miwili pointi 6 zinatosha kuifuta. Na usiseme mimi sina leseni ya huku kwahiyo hawana pa kuweka, wanakufungulia rekodi na pointi zinakusubiri.

Zile mota za kununua mtandaoni wati 1000 unafunga kwenye baiskeli ya zamani ndo zinazokamatwa sana, na askari wanazijua kwa macho, waya umefungwa kwa tepu nyeusi, betri imefungwa kwa mpira kwenye keria, mtu amevaa begi la chakula anapanda mlima miguu imetulia. Muuzaji atakuambia ni halali kwa matumizi ya shamba lako mwenyewe, ni kweli, lakini wewe hauna shamba, una flati. Na hizo betri zinawaka moto, zimamoto wa London wameonya mara nyingi mno, usichaji kwenye korido ambayo ndo njia yenu ya kutokea na usichaji mmelala.

Skuta za umeme za kusimama za kwako binafsi ni marufuku kwenye barabara zote za umma, zinazoruhusiwa ni zile za kukodi kwenye miji iliyo kwenye majaribio.

Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anayetaka kusambaza chakula, kumbuka viza hiyo hairuhusu kujiajiri na kazi nyingi za kusambaza chakula zinahesabika kujiajiri. Kutumia akaunti ya mwenzako ni kumtafutia matatizo na yeye.

Polisi akinisimamisha nifanye nini?

Simama. Askari mwenye sare akikuambia usimame na wewe uko kwenye baiskeli, kutosimama ni kosa. Hakuna kitambulisho unachotakiwa kutembea nacho. Lakini ukituhumiwa kuendesha kwa hatari au bila uangalifu, jina na anwani lazima utoe, na hapa watu wanashangaa: sio kwa askari tu, ni kwa mtu yeyote mwenye sababu ya msingi, mfano mama uliyemgonga. Kukataa au kudanganya jina ni kosa jipya juu ya la kwanza.

Ukipewa karatasi ya faini una siku 28 za kulipa au kuomba kesi isikilizwe mahakamani. Ukiikalia kimya inaongezeka nusu, pauni 50 inakuwa 75, na inageuka deni la mahakama. Hama nyumba ukisahau kubadilisha anwani barua zinaenda kwa mwingine na wewe unakuja kushtukia deni limekomaa.

Nimegongwa na gari. Naanzia wapi?

Kwanza toka barabarani ukiweza, na hata kama unajisikia mzima kubali kuangaliwa. Watu wetu wana tabia ya kunyanyuka, kukung'uta suruali na kusema "niko sawa, hamna shida", dereva anashukuru anaondoka, kesho yake bega halinyanyuki na hauna hata namba ya gari.

Dereva kisheria lazima asimame, atoe jina, anwani na namba ya usajili. Kama umeumia atoe na bima, asipoitoa anatakiwa aripoti polisi haraka, isizidi saa 24. Wewe piga picha namba ya gari kwanza kabla ya kitu kingine, halafu gari lilipo, baiskeli ilipolala, alama za matairi, na omba namba za simu za walioona. Usikubali hela ya mkononi pale pale. Usitengeneze wala kutupa baiskeli na helmeti, ni ushahidi. Nenda hospitali au kwa GP, yaani daktari wako wa mtaani, iandikwe.

Madai ya kuumia una miaka mitatu kuyafungua mahakamani, mtoto hesabu yake inaanza akifika miaka 18. Dereva akiwa hana bima au amekimbia usikate tamaa, kuna Motor Insurers' Bureau ambao wanalipa watu wa namna hiyo, ila ripoti polisi mapema na uwe na namba ya kesi. Mawakili wa ukishindwa haulipi wapo wengi, wanaweza kukata mpaka asilimia 25 ya sehemu kubwa ya fidia, soma mkataba kabla hujasaini, na mwenye uanachama wa vyama vya baiskeli nilivyovitaja aulize kwanza msaada wa kisheria wa huko.

Kama hukugongwa ila ulipitiwa kwa karibu na una kamera, polisi wa maeneo mengi wanapokea video mtandaoni. Tuma ndani ya siku chache, maana mwenye gari anatakiwa kupelekewa barua ndani ya siku 14, ikipita hapo mara nyingi hawawezi tena kumshtaki.

Na mimi nikimgonga mtu?

Ile sheria ya lazima ya kusimama na kuripoti imeandikwa kwa vyombo vya injini, lakini simama. Msaidie, ita 999 kama ameumia, toa jina lako. Kukimbia kunakuharibia kila kitu kitakachofuata, na nimeshaeleza akikuomba anwani na ana sababu lazima utoe.

Adhabu nazo zinaelekea kukaza. Mwaka 2025 serikali iliingiza kwenye muswada wa Crime and Policing makosa mapya ya kusababisha kifo au majeraha makubwa kwa kuendesha baiskeli kwa hatari, lile la kifo kwa hatari likibeba mpaka kifungo cha maisha, sawa na la madereva. Kwahiyo angalia gov.uk usitegemee ulichosoma miaka mitano nyuma.

Mwanangu wa miaka 8 anapanda pembeni ya barabara kwa waenda miguu, atashtakiwa?

Hapana, chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai England na Wales, Scotland ni chini ya 12, na faini za papo kwa papo haziandikwi kwa walio chini ya 16. Shule nyingi zinatoa mafunzo ya kuendesha baiskeli yanayoitwa Bikeability, muandikishe, na baadhi ya halmashauri wana ya watu wazima pia bure au kwa hela kidogo.

Faini ya baiskeli inaweza kuniharibia viza au uraia?

Faini ya papo kwa papo ukiilipa kwa wakati sio hukumu ya jinai. Ikifika mahakamani ukakutwa na hatia hiyo ni hukumu, na kwenye fomu za viza na uraia zinazouliza hukumu unatakiwa kuitaja hata kama uliona ni kitu kidogo. Kinachowaangusha watu zaidi ni kuificha. Weka karatasi zote za faini na risiti za malipo kwenye faili moja na barua za Home Office (wizara inayoshughulikia viza), na swali likiwa gumu mpelekee mshauri wa uhamiaji mwenye usajili, usiulize kwenye group la WhatsApp.